Uzi: Mgonjwa wa maambukizi makali akipimwa kolesteroli ikakutwa iko chini, tusishangilie

#1 · Bint wa Uyole

Wadau, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni. Hapa Mbeya baridi ya Julai imekaza, natumaini huko mliko mko salama.

Mimi ni mteknolojia wa maabara. Kazi yangu ni kupima damu, si kutibu, naomba mnielewe hivyo tangu mwanzo. Lakini kuna jambo naliona mezani kwangu mara kwa mara, na mwaka huu limeingia hadi nyumbani kwetu, nimeshindwa kunyamaza.

Baba yangu ana miaka 67. Ana kisukari na presha. Miaka miwili iliyopita alipimwa kolesteroli (wengine tunaiita lehemu, au mafuta kwenye damu) ikakutwa 6.8. Namba zote nitakazotaja ni milimoli kwa lita. Akaanzishiwa atovastatini (mojawapo ya dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini), kidonge kimoja kila usiku, ikashuka hadi 4.9 na akakaa vizuri.

Mwishoni mwa mwezi wa tano akaanza kukohoa. Siku ya tatu homa ikapanda. Siku ya nne usiku mama akanipigia: "Njoo, baba yako anaongea mambo hayaeleweki." Nilimkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta, mablanketi mawili mabegani, midomo imepauka. Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya simu: 34 kwa dakika. Nikamshika vidole, vya baridi kama vimetoka mtoni, wakati kifua kinaunguza. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi upande huu, mdogo wangu upande ule, kichwa chake begani kwangu. Hospitali wakasema ni nimonia, na kwamba maambukizi yameshautikisa mwili mzima, hali wanayoiita sepsisi. Akawekewa oksijeni na dripu, akaanza antibayotiki mbili, seftriaksoni ya sindano pamoja na klarithromaisini. Madaktari na wauguzi wale walipambana, Mungu awalipe.

Siku ya pili wodini damu ikachukuliwa kwa vipimo vingi, na kolesteroli ikiwemo. Jumla 2.7, HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri) 0.5, trigliseraidi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) 3.1.

Aliruhusiwa mwanzoni mwa mwezi wa sita. Wiki mbili baadaye akapita zahanati fulani kupima presha, akawaonesha ile karatasi. Akaambiwa: "Mzee, kolesteroli yako imepona. Vidonge acha, tena ndivyo vilivyokushusha kinga ukaugua." Akaacha. Nimegundua juzi, baada ya wiki tatu, nilipofungua kabati nikakuta pakiti iko vilevile nilivyoiacha.

Sasa nieleze ninachokijua.

Kolesteroli tunaitengeneza wenyewe kwa sehemu kubwa, hasa kwenye ini. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na kolesteroli ndiyo inayoufanya utando huo usiwe tepetepe wala usikakamae. Nyongo inatokana nayo. Vitamini D inaanzia huko huko, homoni za uzazi pia, na kotisoli, ile homoni ya tezi zilizokaa juu ya figo inayosaidia presha ya mgonjwa mahututi isianguke. Mwili unaopigana na maambukizi unaihitaji kweli.

Kwa kuwa ni ya mafuta na damu ni ya maji, haisafiri yenyewe. Inapakiwa. Fikirieni malori yanayoshusha viazi kutoka Uporoto: LDL ni lori lililojaa linalopeleka mzigo mwilini, HDL ni lile linalozunguka kukusanya na kurudisha kwenye ini. Chuoni tulifundishwa moja baya, jingine zuri, tukafunga daftari. Kumbe malori haya yanabeba na vitu vingine. Bakteria kama wa taifodi, E. coli na Klebsiella wana ganda lenye sumu inayoitwa endotoksini. Wakifa, vipande vya ganda vinasambaa kwenye damu, na kinga ikivigusa inalipuka: mishipa inavuja, presha inaanguka, figo zinagoma. Sehemu moja ya endotoksini ni mafuta, kwa hiyo inajichomeka ndani ya HDL na LDL. Ikishazama humo haiichokozi kinga kwa ukali ule. Lori linaipeleka kwenye ini, ini linaitoa kupitia nyongo. Bakteria wa nimonia ya kawaida hana endotoksini, ila ana kitu chake chenye tabia hiyo, na chenyewe hubebwa hivyo hivyo.

Maambukizi yakiwa makali, ndani ya siku moja au mbili ini linabadili kazi. Linapunguza kutengeneza protini ya kujengea HDL, linaanza kumwaga protini za dharura. CRP mnayoiona kwenye karatasi za vipimo ni mojawapo. Nyingine inaitwa amiloidi A, hii inaingia kwenye HDL na kuisukuma nje protini iliyokuwa pale. HDL inaweza kubaki nusu ndani ya siku chache. Yaani malori yanapungua barabarani saa ile ile mzigo wa sumu umeongezeka. Trigliseraidi zenyewe hupanda. Na dripu nazo huizimua damu kidogo. Rudini mtazame karatasi ya baba: 2.7, 0.5, 3.1. Ndiyo picha yenyewe.

Na wagonjwa wa sepsisi ambao HDL imeanguka zaidi ndio wanaofariki kwa wingi zaidi. Kwa hiyo aliyempongeza baba kwa ile namba, alimpongeza kwa alama ya usiku ule aliokaribia kutuacha. Hilo limeniuma kuliko nilivyoweza kusema nyumbani.

Wenye ujuzi zaidi nisahihisheni. Wenye wagonjwa, ulizeni.


#2 · Mzee wa Kiwira

Marahaba binti yangu. Mpe pole baba, na wewe pole kwa kuuguza.

Nimesoma mara mbili. Sisi tumekua na mawese ya Kyela, maziwa ya mgando na nyama siku za sherehe, hatukumjua kolesteroli ni nani. Sasa swali langu ni la mtu mzima anayetaka kuelewa. Umesema mafuta haya yanabeba sumu, yanatengeneza homoni, yanashikilia seli. Basi si bora yawe mengi? Huyo wa zahanati hakuwa na haki kusema vidonge vinashusha kinga? Mimi mwenyewe namezeshwa hivyo vidonge mwaka wa nne huu, na mwaka jana nililazwa kwa kichomi. Nijibu bila kunionea haya.


#3 · Bint wa Uyole

Mzee wangu, swali lako ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima, kwa sababu kwa haraka haraka linaonekana kama limeshajijibu.

Ni kweli, ukichukua watu wengi ukawapima, wenye LDL ya chini sana wanaonekana kuugua sepsisi zaidi. Ila tuulize: nani ana LDL ya chini bila kumeza dawa? Mara nyingi ni aliyekonda kwa saratani, mwenye ini bovu, mwenye TB ambayo haijagunduliwa, mlevi asiyekula, mzee aliyeishiwa nguvu. Ugonjwa umetangulia, kolesteroli imefuata nyuma. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliliangalia hili kwa njia mbili. Walipozingatia magonjwa mengine ya watu hao, uhusiano ukayeyuka. Kisha wakawaangalia watu kwa vinasaba walivyozaliwa navyo vinavyoshusha LDL maisha yao yote. Hawa hawakuwa na sepsisi zaidi ya wengine.

Na kuna mfano wa karibu na sisi. Mwaka 2007 iliripotiwa habari ya mama kijana wa Zimbabwe, wa miaka 21, aliyepimwa akiwa kliniki ya wajawazito. LDL yake ilikuwa 0.4. Amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili kasoro katika kinasaba kinachoitwa PCSK9. Alikuwa mzima, ana uzazi, hana shida. Ukisikia 0.4 unadhani mtu huyo hawezi kusimama, lakini seli zake zilikuwa zinajitengenezea kolesteroli zenyewe na kuvuta ile ya kwenye damu kwa kasi.

Kwa hiyo, mzee wangu, iliyo chini kwa sababu umezaliwa hivyo au dawa imeishusha taratibu ni jambo moja. Iliyoanguka ghafla kwa sababu mwili unawaka moto ni jambo jingine. Namba inaweza kufanana kwenye karatasi. Naomba usiache vidonge vyako bila daktari wako.


#4 · Tabibu wa Tukuyu

Dada, hongera kwa kuandika. Mzee, shikamoo. Naongeza kutoka upande wa wodi.

Kwanza nadhani najua kilichotokea kwa baba yako hata kabla ya zahanati. Klarithromaisini na atovastatini hazikai pamoja vizuri. Hiyo antibayotiki inazuia ini kuivunja atovastatini, dawa inajazana kwenye damu, misuli inaweza kuumia hadi mkojo ukawa wa rangi ya chai na figo zikapata shida. Kwa simvastatini hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo daktari wa wodi anaisimamisha statini siku hizo chache. Ni uamuzi sahihi. Kinachosahaulika ni kuandika kwenye karatasi ya kuruhusiwa: "Rudia atovastatini antibayotiki ikiisha." Mgonjwa anakwenda nyumbani na likizo ya dawa isiyo na tarehe ya kurudi. Nimeliona hili mara nyingi, na ndugu nawaomba: siku ya kuruhusiwa shikeni orodha ya dawa alizokuja nazo, ulizeni moja moja, hii inaendelea? hii inarudi lini?

Pili, baba yako ana kisukari na ana miaka 67. Mtu wa namna hiyo hupewa statini kwa ajili ya moyo na ubongo wake, hata namba ikiwa si ya kutisha. Usisubiri kipimo, mrudishe kwa daktari wake wiki hii.

Tatu, kuhusu statini na kinga. Kulikuwa na kipindi ambapo tulidhani kinyume kabisa cha alichosema mtu wa zahanati, yaani kwamba statini zitatibu sepsisi, kwa kuwa zinatuliza uvimbe ndani ya mishipa. Takwimu za hospitali zilionesha waliokuwa wanazimeza wanapona zaidi. Yakafanyika majaribio makubwa, na mawili yalitoka 2014, moja Marekani kwa rosuvastatini, jingine Uingereza na Ireland kwa simvastatini, kwa wagonjwa ambao mapafu yamejaa maji na kushindwa kazi. Hayakuokoa maisha zaidi. Kwa hiyo statini si dawa ya sepsisi, na wala si mlango wa sepsisi. Kazi yake iko kwenye mishipa ya moyo na ubongo, na huko inaifanya vizuri. Akira Endo, Mjapani aliyeigundua ya kwanza kwenye ukungu miaka ya 1970, alikuwa anatafuta kitu cha kuzuia ini lisitengeneze kolesteroli kupita kiasi, akakipata.

Kuhusu PCSK9 aliyoitaja dada. Ini lina mageti ya kupokelea LDL. Mageti hayo waliyagundua Brown na Goldstein kule Dallas, wakapewa Nobel mwaka 1985. PCSK9 ni protini inayoyavunja mageti. Ikiwa na kasoro kama ya yule mama wa Zimbabwe, mageti yanabaki mengi na damu inasafishwa haraka. Katika Wamarekani weusi, takriban 2 kati ya 100 wana kasoro moja ya aina hiyo, na maradhi yao ya mishipa ya moyo ni machache mno. Watu wenye asili ya Afrika ndio waliofungua mlango wa dawa za sindano zinazozuia PCSK9. Mwaka 2014 Keith Walley na wenzake wa Vancouver wakasema kama mageti ndiyo yanayopokea malori yenye endotoksini, basi mwenye PCSK9 dhaifu atapona sepsisi kirahisi, na data zao zilionesha hivyo. Tafiti nyingine zilizofuata hazikukubaliana nao. Mimi naliona bado ni wazo zuri, ila sitaandika dawa kwa wazo.

Mwisho. Makadirio yaliyotolewa 2020 yalisema mwaka 2017 pekee sepsisi ilihusika katika vifo milioni 11 duniani, kama kifo kimoja katika kila vitano, na Afrika kusini mwa Sahara ni kati ya maeneo yaliyoumia zaidi. Zile dalili za baba yako, kupumua mbiombio, kuchanganyikiwa, vidole vya baridi, na nyingine ya kukojoa kidogo sana, zikikutana na homa usisubiri kupambazuke. Bajaji ile ya usiku ndiyo iliyomwokoa.


#5 · Kitunguu Saumu

Maji ya vuguvugu, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi asubuhi kabla ya kula. Kolesteroli inasafishwa, kinga inapanda. Hospitali mwisho.


#6 · Tabibu wa Tukuyu

Ndugu yangu, tangawizi na ndimu mimi mwenyewe nakunywa baridi hii. Ila mtu anayepumua mara 34 kwa dakika anahitaji oksijeni na antibayotiki ndani ya saa za mwanzo. Nakuomba sana usimwambie mtu "hospitali mwisho".


#7 · Mama Parachichi

Wanangu ugonile nyote. Nipo Rungwe, nina ekari mbili za parachichi. Wanunuzi wanatuambia zina mafuta mazuri, jirani yangu ananiambia mwenye kolesteroli asiguse. Nani mkweli? Na mayai je? Mjukuu wangu namlisha yai kila siku, nisije nikamharibu.


#8 · Bint wa Uyole

Mama shikamoo, ndaga fijo kwa kutembelea uzi.

Parachichi halina kolesteroli hata chembe. Mimea haina kolesteroli ya kuhesabika: si parachichi, si karanga, si alizeti, si hata mawese. Mawese shida yake ni nyingine, yana mafuta mazito mengi ambayo hulifanya ini lipunguze yale mageti aliyoyataja Tabibu, LDL ikabaki kwenye damu. Parachichi mafuta yake ni mepesi, na lina kitu kinachofanana na kolesteroli ambacho hugombania nayo nafasi ya kufyonzwa tumboni. Kwa hiyo wanunuzi wamekuambia kweli.

Yai lina kama miligramu 200 kwenye kiini. Kwa mtoto mzima anayekua, yai moja ni chakula chema. Mlishe mama.


#9 · Kamwene Mafinga

Kamwene wadau. Naomba niulize kitu cha binafsi kwa kuwa hapa hatujuani sura. Natumia dawa za VVU mwaka wa sita sasa, virusi havionekani kwenye kipimo. Nilipoanza nilikuwa nimekwisha, kilo 46, kolesteroli waliniambia 3.0. Mwaka huu nina kilo 68 na kolesteroli ni 5.7. Rafiki zangu wa kikundi wanasema dawa zinatujaza mafuta, mwenzetu mmoja ameshaanza kuruka siku. Nimeogopa.


#10 · Bint wa Uyole

Kaka au dada, asante kwa kutuamini. Nitakujibu kwa uzito wake, maana swali hili ni la nyumba nyingi huku kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionesha Njombe ndiyo ya kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6.

Angalia ile 3.0 yako kwa jicho lile lile ulilotazamia ile 2.7 ya baba yangu. Haikuwa ishara ya moyo wenye afya siku ile, ulikuwa na maambukizi yaliyokutafuna. VVU ambayo haijatibiwa hushusha HDL na kolesteroli ya jumla. Watafiti wa Marekani waliwahi kufuatilia wanaume ambao damu zao zilikuwa zimehifadhiwa tangu kabla hawajaambukizwa. Kolesteroli ilishuka walipoambukizwa, na walipoanza dawa ikapanda kurudi karibu na ilipokuwa mwanzo. Kwa hiyo sehemu ya hiyo 5.7 ni mwili wako kurudi nyumbani. Umeongeza kilo 22, ini linafanya kazi, una nguvu ya kutengeneza.

Dawa za zamani, hasa zile zenye lopinavia na ritonavia, zilipandisha mafuta kweli, na huenda wenzako wanakumbuka hizo. TLD yenye dolutegravia, ambayo wengi mnatumia sasa, haina tatizo hilo kwa kiasi kile. Uzito ndio wa kuangalia.

Lakini 5.7 isipuuzwe. VVU hata ikiwa imetulizwa huacha uvimbe mdogo mdogo kwenye mishipa, na moyo unaweza kuumia mapema. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75, wakiwemo wa Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Nusu walipewa statini iitwayo pitavastatini. Mishtuko ya moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo yalipungua kwa asilimia 35. Peleka karatasi yako kliniki, waulize kuhusu umri wako, presha, sukari na sigara. Statini nyingine zinahitaji kuangaliwa na ARV unazomeza, usinunue mwenyewe duka la dawa.

Na huyo mwenzenu anayeruka siku, tafadhali mfikie wiki hii. Akiacha, kolesteroli yake itashuka kweli, kwa njia ile ile iliyokushusha wewe hadi kilo 46.


#11 · Kamwene Mafinga

Nimelia kidogo kusoma hili. Kesho namfuata kwake.


#12 · Mchimbaji Chunya

TB nayo inahusika? Huku machimboni vumbi ni jingi na kifua kikuu hakituachi.


#13 · Tabibu wa Tukuyu

Inahusika, tena kwa namna ya kipekee. Bakteria wa TB huishi ndani ya makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza wadudu, na mwaka 2008 ilioneshwa kwamba anaweza kuila kolesteroli ya mwenyeji wake. Makrofeji zenyewe hujaa matone ya mafuta mpaka kwenye hadubini zinaonekana kama povu. Anakaa ghalani na anakula ghala. Hata hivyo kujinyima mafuta hakumuui, kunakukondesha wewe tu, na mtu aliyekonda TB inampata zaidi. Vumbi la mawe lenyewe huzidhoofisha makrofeji za mapafu. Lowesheni mwamba kabla ya kuchoronga, na kikohozi cha wiki mbili nenda katoe makohozi, kipimo na dawa ni bure.

Kwa kuwa tumeingia humo, mwili nao una hila zake za kolesteroli. Bakteria wa nimonia hutoa sumu inayoitwa nyumolisini, inatafuta kolesteroli kwenye utando wa seli, inajipanga duara na kutoboa tundu. Kinga ikipata taarifa ya hatari, makrofeji hugeuza sehemu ya kolesteroli kuwa kitu kinachoitwa haidroksikolesteroli, ambacho huifanya ile ya kwenye utando isishikike kirahisi. Sumu inakosa pa kung'ang'ania, na virusi kadhaa vinakosa pa kupenyea. Kila nikilisoma hili namshukuru Mungu upya.


#14 · Dereva Tunduma

Nimewahi kusikia eti Ebola inaingilia kwenye mlango wa kolesteroli. Nauliza kwa sababu napita Kongo.


#15 · Bint wa Uyole

Ni kweli kaka. Ndani ya seli kuna protini iitwayo NPC1 inayohamisha kolesteroli. Mwaka 2011 iligundulika Ebola inaishika hiyo ili itoke kwenye kifuko kilichoimeza na kuingia ndani ya seli. Marburg hufanya vivyo hivyo, ile iliyotupata Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025. Lakini mlango huo kila mtu anao, kolesteroli yako iwe juu au chini. Kinachokulinda barabarani ni kunawa, kutogusa wagonjwa wala maiti, na kusema ukweli kwenye kituo cha ukaguzi kuhusu ulikopita.


#16 · Mzee wa Kiwira

Binti, mimi bado niko palepale kwenye HDL. Kama ndiyo inayozoa sumu, kuna namna ya kuiongeza nikalindwa?


#17 · Bint wa Uyole

Mzee wangu, hapa elimu bado inajengwa. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walichambua taarifa za watu zaidi ya laki nne wa Uingereza, wakakuta waliorithi HDL ya juu walilazwa kwa maambukizi kidogo zaidi ya wengine. Denmark nao mwaka 2018 walikuta wenye HDL ya chini sana wanaugua zaidi, na wenye HDL ya juu kupita kiasi nao wanaugua zaidi. Kwa hiyo wingi peke yake hautoshi, kuna ubora wa lori lenyewe. Dawa zilizotengenezwa kuipandisha HDL hazijaleta kilichotarajiwa kwenye moyo, wala hakuna anayezitoa kwa ajili ya maambukizi.

Kutembea kila siku, kuacha sigara, kupunguza tumbo, hivi huipandisha kidogo na vina faida nyingine nyingi. Ukitembea mpaka shambani na kurudi umeshafanya. Na sukari ikiwepo, idhibitiwe, maana kisukari kisichotulia ndicho kinachomfungulia mtu mzima nimonia kuliko namba yoyote ya kolesteroli.


#18 · Mzee wa Kiwira

Nimeelewa. Vidonge nitaendelea. Tuletee habari za baba.


#19 · Bint wa Uyole

Wadau, nimerudi baada ya siku tisa.

Jumatatu nilimpeleka baba kwa daktari wake. Daktari alisoma karatasi ya wodini, akauliza ni siku ya ngapi ya ugonjwa ilipochukuliwa, nikamwambia ya pili, akaiweka pembeni. Akamwandikia atovastatini hapohapo, akasema damu ichukuliwe kabla hajaanza ili tujue tulipo.

Niliichukua mwenyewe. Baba alikunja mkono wa shati, nikafunga mpira, mshipa ukajitokeza mara moja, siyo kama wodini walipomtoboa mara nne. Vidole vilikuwa vya moto. Nikazungusha damu kwenye mashine, seramu ikatoka safi ya njano. Ni wiki ya saba tangu atoke wodini, hana homa, CRP imerudi kawaida. Kolesteroli 6.6. HDL 1.1. Trigliseraidi 1.9. Sukari iko juu kidogo, nayo imeandikiwa mpango wake. Tutapima tena baada ya wiki nane.

Nilipomsomea alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ile 2.7 haikuwa yangu?"

Nikamwambia, "Ilikuwa ya nimonia, baba."

Akaomba kalamu. Kwenye ile karatasi ya zamani akaandika juu yake kwa herufi kubwa NIMONIA, akaikunja, akaitia pamoja na mpya kwenye kadi yake ya kliniki.